Ijumaa Tulizolala Sakafuni

Ninyi mnaofundisha dansi siku hizi mmedeka. Mnaingia darasani na chupa zenu za maji, mnawaambia wanafunzi walale chali, wafumbe macho na kusikiliza pumzi zao, nao wanalala bila kubisha. Mimi nilipoanza kuwalaza watu sakafuni kule Dubai, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa upole kabisa: kama kulala ndiyo dansi, kwa nini apande basi kutoka Al Nahda wakati kitanda chake kiko kule kule? Nilimwambia alale tu, jibu litakuja baadaye.

Sasa nimestaafu. Magoti yangu yananisema kila ninapopanda ngazi, lakini mdomo haujastaafu, na nyinyi wenyewe ndio mlioniandikia mkitaka kujua kazi ile ilikuwaje. Basi nitawaeleza kama inavyonijia, nikiruka huku na huku. Anayetaka mpangilio akasome ratiba ya ndege.

Jina langu Riziki, mzaliwa wa Unguja. Darasani Watanzania waliniita Mwalimu, Wakenya wakaniita Ticha, na Waganda wakaanza kuniita Madam mpaka nikawakataza, maana Dubai madam ni yule unayemfulia nguo. Studio yetu ilikuwa Al Mankhool, ghorofani, juu ya dobi aliyekuwa akipiga pasi kuanzia asubuhi, kwa hiyo sakafu yetu ilikuwa na joto kidogo hata kiyoyozi kikifunguliwa mpaka mwisho. Mwenye studio alikuwa Madam Ilona, mama wa Kizungu mwembamba aliyecheza balleti ujanani mpaka nyonga yake ikagoma. Huyo nilimwita Madam na sikuona vibaya, kwa sababu nguo zake alifua mwenyewe.

Aliniajiri kufundisha ngoma za kwetu. Nami nilifundisha kwa njia niliyoijua: kuruka na kupiga kelele. Anayechoka nilimpigia makofi, anayeumia nikamwambia ajikaze. Nilijiona mwalimu hodari, na jasho la wanafunzi nililihesabu kuwa maendeleo.

Siku moja nilikuwa nikiwaonyesha namna ya kuruka na kutua kwa mguu mmoja. Kuruka niliruka vizuri. Kutua, mgongo ukakataa. Nilibaki sakafuni kama gunia, wanafunzi wamenizunguka, kila mmoja ana dawa yake. Madam Ilona akawafukuza wote, akalala chini ubavuni kwangu, akaniuliza taratibu, "Kisigino chako cha kulia kinagusa sakafu sehemu gani?"

Mtu mgongo umemkatika, anaulizwa habari za kisigino! Nilimjibu kwa Kiswahili maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa kuwa huenda wazazi wenu nao wanasoma. Yeye akachukulia kuwa ndilo jibu la swali lake. Akaniuliza kisigino cha kushoto. Halafu akaniambia nizungushe macho tu, kichwa kisiende popote. Halafu nifikirie kuinamisha kiuno bila kukiinamisha. Nilifanya ili aniache. Baada ya muda nikagundua kwamba nilikuwa nimeuma meno tangu nilipoanguka, na kwamba nimeacha kuyauma.

Sikupona siku ile, msije mkanielewa vibaya. Nilikwenda hospitali, nikapigwa picha, nikapewa dawa na nikazinywa. Mwanafunzi akiumia, daktari kwanza, sakafu baadaye. Anayewaambia kinyume chake mkimbieni. Lakini niliporudi kazini nilimfuata Madam Ilona nikamwambia anifundishe jambo lile. Yeye aliliita kwa jina refu la vitabuni ambalo ulimi wangu haukulizoea. Mimi nikaliita kusikiliza mwili, na jina hilo likabaki.

Wala halikuwa geni kabisa kwangu. Nilipokuwa mwali, somo yangu, yule mama aliyenifunda, alinifundisha kukata kiuno kwa kuniwekea kiganja mgongoni, chini kabisa, na kunyamaza. Nikikosea alikiondoa kiganja. Nikipatia alikirudisha. Hakuna hata siku moja aliyonielezea. Mara nyingi nimewaza kwamba yeye na Madam Ilona wangekutana wangegombana nusu saa kuhusu nani kamuiga mwenzake, halafu wangekaa wakanywa chai wakanisengenya mimi.

Sasa niwaeleze Ijumaa.

Ijumaa studio ilifungwa, na Madam Ilona akaniachia ufunguo nifundishe watu wangu bure. Walikuwa wanawake watupu: wafanyakazi wa ndani, wasafisha vyumba wa mahotelini, wauza duka. Wa Tanga na Dar, wa Mombasa na Kisumu, wa Kampala. Waislamu walikuja baada ya sala, Wakristo wakaja wakitoka kanisani, maana kule hata Jumapili ya Wakristo ilihamia Ijumaa. Walikuja kucheza chakacha na kucheka. Lakini nilipowatazama wakicheza niliona mabega yamepanda masikioni, shingo ngumu, viuno vimefungwa. Nikasema hawa nao lazima walale chini.

Somo la kwanza nililiandaa kwa siku kadhaa. Nikapunguza taa, nikawalaza, nikaanza kwa sauti laini niliyoinakili kwa Madam Ilona: "Sikilizeni uzito wa kichwa... sikilizeni uzito wa mabega..." Nilipofika kwenye mbavu nikasikia mkoromo. Nikapandisha sauti kidogo. Mikoromo ikawa miwili. Nilipofika magotini darasa zima limelala fofofo, na mimi nimesimama katikati nikilihutubia dirisha.

Nilinuna wiki nzima. Nikamwambia Madam Ilona kwamba watu wangu hawafai kwa mambo haya. Akaniuliza wanaamka saa ngapi kazini. Nikamwambia. Akaniuliza wanalala saa ngapi. Nikamwambia pia. Akanitazama, akaendelea kumenya chungwa lake.

Basi jifunzeni bila kununa: mtu aliyechoka ukimlaza chini atalala, na somo lako halijaharibika. Mwache alale mara ya kwanza. Mara ya pili mwambie afumbue macho. Mara ya tatu mpe kitu kidogo cha kufanya kwa kidole cha mguu, na usikae kimya muda mrefu. Sauti laini kupita kiasi ni bembelezo la mtoto, nalo linafanya kazi yake.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Wanafunzi walilalamika kwamba wakilala kiyoyozi kinawapiga. Kulikuwa na Achieng, binti mrefu mwenye maneno mengi aliyekulia Mombasa na akawa anatandika vitanda kwenye hoteli moja jirani. Akasema hotelini wana mashuka yaliyochakaa wanayoyagawa, akaomba, akapewa, akaja nayo mfuko mzima. Mashuka safi, yamepigwa pasi, meupe pe. Nikafurahi. Nikawalaza watu wangu safu mbili, nikampitia kila mmoja nikimfunika mpaka kidevuni, nikawaambia wanyooshe miguu na wasitikisike.

Ninyi mmeshaona kosa. Mimi sikuliona. Mama mmoja wa Tanga akafumbua macho akageuka kulia, akaona mwenzake kanyooka ndani ya shuka jeupe. Akageuka kushoto, akaona mwingine. Yowe alilopiga lilimfikia dobi kule chini. Wote wakakurupuka, mashuka yanaburuzika, mmoja anasoma dua, mwingine anatafuta mlango kwenye kioo. Achieng peke yake alibaki amelala, kajifunika mpaka kichwani anatikisika kwa kicheko.

"Ticha," akasema kutoka ndani ya shuka, "hii ni class ama ni mochari?"

"Mwalimu, mimi nimekuja kucheza," mama wa Tanga akaniambia akihema. "Siku yangu ya kuoshwa bado."

Kuanzia siku ile kila mtu alikuja na kanga yake, nyekundu, manjano, kijani, na sakafu ikapendeza. Kitu hicho hakimo vitabuni. Kabla hujamlaza mtu, jiulize kwao watu wanalazwa vile wakati gani.

Sheria nyingine niliyoitunga ilikuwa juu ya neno "yalla". Wiki nzima wanawake wale walikuwa wakisikia yalla: yalla leta chai, yalla watoto wamechelewa, yalla malizia jiko. Niligundua kwamba hata mimi nimelichukua, nalitumia kuwaharakisha, na kila nikilisema mabega yote ya darasa yanaruka pamoja. Nikalipiga marufuku. Atakayelisema atacheza peke yake katikati, na wenzake watamwimbia. Mtu wa kwanza kucheza peke yake nilikuwa mimi. Na wa pili. Na wa tatu.

Sasa nakuja kwa Salama, na hapa naomba mkae vizuri, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kazi.

Salama alikuwa wa Tanga, mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba ya familia kubwa, mpole, anakaa karibu na mlango. Wakati wa usafi wa kabla ya sikukuu alipanda ngazi kushusha mapazia, ngazi ikateleza, akaanguka na kuvunjika mkono wa kulia karibu na bega. Alitibiwa vizuri, mfupa ukaunga, madaktari wakampa mazoezi na mwishowe wakamwambia amepona. Lakini mkono ule ulikuwa ukipanda mpaka usawa wa bega na hapo unasimama. Nguo alianika kwa mkono wa kushoto. Kichwa alichana kwa mkono wa kushoto.

Angeweza kuishi hivyo. Lakini Ijumaa moja alibaki nyuma wenzake walipoondoka, akaniambia binti yake Mwanahawa anaolewa, na madam wake amempa ruhusa ya kwenda harusini.

"Hongera!" nikamwambia.

"Mwalimu, kwetu mama anamvisha mwanawe koja la asumini mbele ya wanawake wote. Anacheza kumwendea, anamvisha kwa mikono miwili. Kwa mkono mmoja huwezi, utakuwa unamtupia."

"Si ainame tu bibi harusi?"

"Bibi harusi hainami siku ile. Anasimama wima, mama ndiye anayemfikia. Na huyu kimo kachukua kwa baba yake."

Halafu akanieleza lililokuwa likimkosesha usingizi. Alimwacha Mwanahawa mdogo alipokuja Dubai, na aliyemlea ni dada yake mkubwa, Hidaya. Hidaya alikuwa amempigia simu akamwambia, kwa huruma kabisa, kwamba kama mkono haupandi asijisumbue, koja atamvisha yeye. Huruma ile ndiyo iliyomchoma.

"Viatu nimemnunulia mimi," Salama akasema. "Madaftari mimi, simu mimi. Lakini sare ya shule kila asubuhi alivalishwa na dada. Mimi kumvisha kitu kwa mkono wangu, tangu akiwa mchanga, sijawahi. Nikikaa kwenye kiti siku ile nitakuwa mgeni aliyetoka Dubai."

Alisema hivyo bila kulia. Nililia mimi, nikiwa kwenye basi.

Kwa kuwa nilikuwa nimeguswa, nilifanya yale yale ya zamani. Ijumaa iliyofuata nilimsimamisha mbele yangu nikaanza, "Inua. Juu. Juu kidogo. Jikaze, Salama, juu!" Mkono ulisimama begani kama umegonga dari. Nikausukuma kwa kiganja. Akauma mdomo, jasho likamtoka, na mwishowe akaniambia samahani. Aliniomba samahani yeye! Achieng aliyekuwa akitutazama akaniambia, "Ticha, wewe sasa umekuwa arbab kabisa. Unabakisha tu kumshikia passport."

Neno lile, ambalo kule ndilo la kumwita mwajiri, lilinikaa. Nikaenda kwa Madam Ilona. Asubuhi yake akanichukua mpaka Al Ras, mitaa ile ya maduka ya viungo ambako wachukuzi wanasukuma mikokoteni iliyojaa magunia kupita kimo chao. Tukasimama pembeni ya kichochoro. Akaniambia nitazame wanavyoanza kusukuma, nimwambie nguvu inaanzia wapi.

"Mikononi," nikasema.

"Tazama tena."

Nikatazama. Mchukuzi alikuja, akaweka mikono kwenye mkokoteni na mikono ikatulia tuli. Kisigino kikakanyaga, nyonga ikafuata, mgongo ukarefuka, na mkokoteni ukaondoka. Mikono haikufanya lolote ila kufikisha salamu. Nilifurahi nikapiga hatua mbele ili nione vizuri, nikajikuta katikati ya njia.

"Yalla, mama, yalla!" mchukuzi akanigutia, na magunia ya iliki yakanipita puani. Madam Ilona alicheka mpaka akashika ukuta. Nilitaka kumwambia mchukuzi yule acheze peke yake katikati.

Basi nikaacha kuushughulikia mkono wa Salama. Tukafanya kazi na miguu, mbavu, pumzi. Nikajifunza kutomtazama mkono. Nilimtazama koo. Kila aliposikia neno "juu", koo lilikaza na pumzi ikasimama, hata kabla mkono haujaondoka pajani. Hapo nikaanza kushuku kwamba bega halikuwa na shida na kunyooka. Lilikuwa na shida na kule linakoelekea. Lakini sikujua nifanye nini na shaka yangu hiyo, na harusi ilikuwa inakaribia.

Lililotuokoa ni chai ya maziwa. Tulikuwa na kawaida ya kunywa chai baada ya somo, na siku ile mtu aliikumba chupa, chai ikatiririka mpaka chini ya kioo kikubwa cha ukutani. Kabla sijageuka Salama ameshachukua kitambaa, amepiga magoti, anafuta. Chai ilikuwa imeingia mbali, kwenye upenyo chini ya kabati la viatu lililopakana na kioo. Akaegemea mbele, kifua kikashuka karibu na sakafu, mkono wa kulia ukaenda, ukaenda, ukanyooka mpaka mwisho, anafuta na huku anazungumza na mwenzake habari za bei ya vitenge.

"Salama! Usitikisike!" nikapiga kelele.

Akaganda. "Mwalimu, nimevunja nini?"

"Hujavunja kitu. Mkono wako uko wapi?"

"Chini ya kabati."

Nikalala sakafuni karibu naye nimtazame ubavuni. Jaribuni wenyewe mtaona: ukipiga magoti ukanyoosha mkono mbele mpaka kifua kinakaribia chini, mkono umefunguka begani sawasawa na aliyesimama akaunyoosha kuelekea darini. Kilichobadilika ni sakafu iko upande gani. Mkono ule uliokataa kupita usawa wa bega ulikuwa ukipita kila siku, chini ya makochi na vitanda vya watu, na hakuna aliyeuona, hata mwenyewe. Kuanguka alianguka kutoka juu. Chini hakuna mtu anayeanguka.

Nilipomweleza alinitazama kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia afute tena. Akafuta. Nikamwambia aangalie mkono wake mwenyewe. Akauangalia, akaukunja, akaunyoosha, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe upo."

Kuanzia hapo somo letu likawa usafi. Tulianza sakafuni, kila mtu na kitambaa chake, tunafuta kwa mdundo wa chakacha, kiuno kinaongoza na mkono unafuata. Halafu tukahamia pale ukuta unapokutana na sakafu. Halafu tukakaa kitako tukafuta kioo cha chini, tukapiga magoti tukafuta cha katikati. Neno "juu" nililiweka kando. Nilisema "mbele", nilisema "huko kuna doa". Akikwama nilimwambia arudi chini, apumzike, na kwamba nusu ya alichofanya ilitosha. Madam Ilona aliporudi Jumamosi alidhani nimemwajiri mtu wa usafi. Studio haijawahi kung'aa vile, na Achieng akalalamika kwamba ndiyo kazi anayoikimbia wiki nzima, halafu akafuta kuliko wote.

Ijumaa ya mwisho kabla ya safari tulinunua koja la asumini kwa wauza maua wa Kihindi wa Bur Dubai. Achieng akawa bibi harusi kwa sababu ya urefu wake. Akajitanda kanga, akainamisha macho kwa haya ambayo hatujapata kuiona kwake kabla wala baada. Salama akacheza kumwendea. Mikono ikapanda, ikapita bega. Ikafika usawa wa macho ya Achieng. Hapo akatazama kule inakotakiwa kufika, koo likakaza, na mikono ikarudi.

Akajaribu tena, ikawa hivyo hivyo. Aliweka koja mezani, akalitengeneza maua yake, akasema inshallah.

Nilimsindikiza kituoni. Nikamwambia, "Ukikwama, toa pumzi." Akasema ndiyo Mwalimu. Niliporudi ndani nilimwambia Achieng kwamba mkono hautafika, na kwamba mimi ndiye niliyemtia tamaa. Achieng akaanza kukunja kanga ya bibi harusi.

Video ya harusi ilikuja Ijumaa, katikati ya somo. Simu ya Achieng ikalia, tukajirundika juu yake vichwa vyote, kanga zimetuning'inia mabegani. Ukumbi ulijaa wanawake, ngoma inalia, kamera inayumba maana aliyeishika naye anacheza. Mwanahawa amesimama wima, mrefu kweli, na machozi yanamchuruzika kwenye wanja. Mama yake anakuja anacheza, koja mikononi, hatua inaanzia kisiginoni kama tulivyofanya. Nyuma yake dada Hidaya anamfuata karibu sana, mikono ameshaitayarisha mbele, tayari kupokea.

Salama akafika. Mikono ikapanda mpaka begani, ikasimama.

Ngoma iliendelea. Hidaya akasogea hatua. Mimi nilikuwa nimeziba pumzi, mimi ninayewafundisha watu wasizibe pumzi. Salama akamtazama mwanawe usoni, akauona ule wanja unavyotiririka. Akafanya kitu ambacho sikumfundisha. Akageuza mkono wa kulia, koja likiwa bado linaning'inia vidoleni, akamfuta mwanawe chozi kwa mgongo wa kiganja. Akafuta shavu. Akafuta chini ya jicho. Akafuta paji la uso taratibu, kama doa halitoki, akarudisha nyuma nywele zilizotoka kwenye ushungi, na mkono wa kushoto ukamfuata mwenzake, na koja likapita kichwani kwa Mwanahawa likakaa shingoni.

Nadhani yeye mwenyewe hakujua mpaka aliposikia vigelegele. Cha kwanza kilitoka kwa Hidaya. Alishusha ile mikono yake iliyokuwa tayari kupokea, akajiziba uso nayo, akaifungua, akapiga kigelegele ambacho kiliikwaruza simu.

Studioni Al Mankhool nasi tulipiga vyetu, mpaka dobi akatugongea kwa ufagio kutoka chini. Achieng akanigeukia. "Ticha, unalia?"

"Natoa pumzi," nikamwambia.

Nimefundisha watu wengi baada ya hapo, wengine wenye miili mizuri ajabu, nao wamecheza kwenye majukwaa makubwa. Mkiniuliza ni dansi gani ninayojivunia, ni ile ya kumfuta mtoto uso. Kwa hiyo mwanafunzi akikwambia hawezi, usibishane naye wala usimsukume. Mtazame anapokuwa hachezi. Mtazame akifunga kiatu, akichota maji, akimbeba mtoto wa mtu. Huenda anaweza siku zote, ila hajui kwamba ndiyo yale yale.

Jioni ile ya harusi Salama alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake ngoma bado zinalia, na alikuwa akihema kwa kucheza. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi.

"Mwalimu, mkono bado uko juu. Nikiushusha nitakupigia."